Kila Mtu na Baraza Lake: Niliyoyasikia Nikipaka Hina Mombasa

Kazi yangu mie ni kupaka hina na piko. Nlianza kabla sijaolewa, nkifunzwa na shangazi yangu pale Kibokoni, na mpaka leo bado napaka, wateja wangu wengi ni wa Mji wa Kale, Majengo na Kisauni, na kukiwa na harusi kubwa wanakuja kunichukua hadi Likoni na Mtwapa. Nasema hivi mapema ili mjue haya nnayoyaeleza nmeyapata wapi. Mie nakaa nmeshika mkono wa mtu masaa mawili matatu, tumetizamana uso kwa uso, hawezi kuondoka, hawezi kushika simu, hawezi hata kujikuna pua, kwa hivo kilichobaki ni mdomo tu. Mtu akiwa hivo anasema. Na usiku wa hina wa biharusi ndo kabisa, chumba kimejaa mashangazi na masomo wa kumfunda mwali na mawifi, udi unafuka, singo imeshasuguliwa, na kila aliyewahi kuolewa hata kama aliachika ana neno la kumwambia mwali.

Maneno yenyewe nmeyasikia mpaka nnaweza kuyasema usingizini. Mumeo akiingia mpokee kwa uso mkunjufu. Usimpe habari mbaya hajala. Usimuulize katoka wapi, akitaka atakwambia. Mfukoni mwake usitie mkono. Shida za kwenu ziache kwenu. Akinyamaza mwache anyamaze, mwanamume akinyamaza ana lake. Siri ya ndani isitoke nje. Haya hayakuanza jana, Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na sehemu kubwa ni namna ya kumtunza mume na kutafuta radhi zake, na nyanya yangu alikuwa nazo beti kichwani akitupigia nazo soga tukichambua mchele. Na mie siyadharau, nmeona nyumba zimesimama kwa sababu mke alijua saa ya kusema na saa ya kunyamaza. Lakini kwa miaka yote nliyokaa kwenye vile vyumba sijasikia hata shangazi mmoja akisema mwanangu, mkalishe mumeo chini muongee. Somo atamfunza mwali mambo ya chumbani yote, mengine mie mwenyewe nainamisha kichwa kwa haya, ila kuongea na mume mchana kweupe kuhusu pesa, kuhusu hofu, kuhusu mavyaa anavyomsema, hilo halimo.

Sasa njoo upande wa wanaume. Bwana harusi anafundwa na nani? Anavalishwa kanzu na joho, anakwenda msikitini na wenzake, anasomewa khutba ya nikaha, anasema nimekubali, halwa inaliwa na kahawa, basi, huyo keshakuwa mume wa mtu. Hakuna mzee aliyekesha naye akamwambia mkeo akinyamaza muulize, ukipungukiwa usimfiche. Yale anayoyajua kuhusu mke kayaokota maskani na kwenye simu. Halafu hao wawili wanafungiwa chumba kimoja, mmoja kafunzwa kunyamaza kwa adabu na mwengine hakufunzwa kitu, na sisi sote nje tunashangaa mbona hawaongei.

Ila mtu asinidanganye ati wanaume wa Mombasa ni wakimya. Wanasema sana! Pita Mji wa Kale baada ya laasiri, au baada ya isha, penye baraza pana watu, muuza kahawa na dele lake anagonga vikombe, dhumna inapigwa, utasikia mambo ya bandari, ya gavana, ya boli, na ukitulia dirishani utasikia pia fulani anadaiwa kodi ya nyumba, fulani kaambiwa ana sukari, fulani anataka kuuza kipande cha shamba alichorithi kwa babake. Mkewe fulani yuko ndani anakaanga samaki na hajui lolote. Na nyumba zetu za zamani zilijengwa hivo hivo, baraza iko nje mbele, mgeni mwanamume anaishia hapo au kwenye chumba cha mbele, wanawake wako ndani na uani. Wanaume wana pahali pao pa kusemea na sisi tuna petu, tuna usiku wa hina, tuna vugo, tuna matanga, tuna chama cha kuchangiana pesa kila mwezi, sasa tuna na grupu ya WhatsApp ambayo meseji hazilali. Nna mteja mmoja alikuwa anaumwa chini ya kitovu mwaka mzima, chama kizima kinajua, tushamchangia na nauli ya kwenda kupigwa picha, mumewe akija kujua siku ya kutia sahihi ya oparesheni.

Kwa hivo mie nnavoona tatizo la ndoa nyingi huku kwetu sio ukimya. Maneno yapo tele, yanapelekwa kwengine. Mume anamaliza yake barazani, mke anamaliza yake uani, wakikutana usiku kila mmoja keshapumua, kilichobaki ni "watoto washakula?" na "mlango umefungwa?"

Zamani walau kulikuwa na njia za pembeni na zilifanya kazi. Nyanya yangu akikasirika hasemi neno, anafungua kasha anatoa leso moja ya zamani anajifunga, basi, babu akirudi akiisoma anakaa kitako akili inamzunguka, kesho yake utaona kaja na halwa au nyama ya mbavu na ameongeza sauti ya upole. Mie leso zangu nanunua Biashara Street kama kila mtu, na siku moja nlijifunga Japo Sipati Tamaa Sikati siku tatu mfululizo nkipita mbele ya mume wangu, ananitizama, anatizama simu, siku ya tatu ananiuliza hii leso haifuliwi? Nkajua hii posta imefungwa. Na sio leso tu. Mkikosana zamani kulikuwa na mjomba wa huku na shangazi wa kule, na dini yenyewe katika Surat Nisaa imeagiza ateuliwe mpatanishi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Leo hao jamaa wako wapi? Mmoja yuko Jedda anafanya kazi, mwengine kahamia Nairobi, shangazi anaishi Kilifi na miguu inamsumbua, na nyinyi muko kwenye fleti Bamburi ghorofa ya nne na jirani hamjui hata jina. Ile njia ya kuzunguka imekatika na ya moja kwa moja hatukufunzwa.

Yangu mwenyewe nawaeleza sasa, na mume wangu ashaniruhusu, kasema bora nieleze mie kuliko muuza kahawa.

Yeye ni Mdigo wa ng'ambo, Likoni. Kwa Wadigo wa zamani mali ya mwanamume ilikuwa ikienda kwa watoto wa dadake badala ya wanawe, kabla mirathi ya Kiislamu haijashika sawasawa, na mavyaa wangu amelelewa na wanawake walioona hayo kwa macho. Kwa hivo alinipenda tangu siku ya kwanza lakini akaniweka pembeni akaniambia mwanangu, cha mume ni cha mume, weka chako. Mume naye kwao aliambiwa mwanamume hahesabu pesa mbele ya mke. Hebu fikiria tumeanzia hapo.

Alikuwa karani kwenye kampuni moja ya malori ya kontena, upande wa Changamwe. Treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, ilipoanza 2018 kazi ikaanza kulegea, na 2019 lilipotoka lile agizo kwamba mizigo inayokwenda bara yote ipande treni, si mnakumbuka watu walivyoandamana mjini, agizo lilisitishwa baadae lakini malori mengi yalikuwa yameshalala yadini na kampuni yao ikapunguza watu. Yeye akapunguzwa. Hakunambia. Asubuhi anavaa shati lililopigwa pasi, anakunywa chai na mahamri, anaondoka, anarudi saa kumi na moja.

Nani alinambia? Mke wa dereva wao. Nlikuwa nampaka piko miguuni, kuna harusi ya mdogo wake, akasema pole sana shoga yangu kwa mumeo, wetu yeye walau wamembakisha. Nkashika mguu wake nkaendelea na ua nlilokuwa nachora, nkasema alhamdulillahi, Mungu hamtupi mja wake. Ua lenyewe lilitoka zuri.

Na mie sikumwambia kwamba najua. Mtu atauliza kwa nini, na hapa ndo penye mambo. Kwa dini yetu masurufu ni juu ya mume, mke hata akiwa na pesa zake hana wajibu wa kulisha nyumba, zake ni zake. Ni haki kubwa na nnaitetea mbele ya mtu yeyote, kuna wanawake wa dini nyengine wanatuonea wivu. Lakini ina upande wake wa pili ambao hatuuongei. Mwanamume akijua kwamba kutoa ndo umume wenyewe, na kwamba mke akikosa masurufu anaweza kwenda kwa kadhi na kesi ikasikizwa, kwani nani atakuja mwenyewe kujitangaza kwamba hana? Ataficha. Atakopa. Ile haki inayonilinda mie ndo inayomfunga yeye mdomo. Na mie upande wangu nmefunzwa kumstiri, nikimwambia najua nitakuwa nmemvua nguo. Kwa hivo kila mmoja alikuwa anafanya alichofunzwa, na vizuri kabisa.

Nkaona anaanza kukopa maskani. Nkaanza kutia pesa kwenye mfuko wa kanzu yake ya Ijumaa. Silisemi, nazitia tu ikiwa imening'inia. Jumamosi asubuhi ananitolea, "haya mama, ya sokoni hiyo." Noti zangu mwenyewe, nyengine hata hazijaacha kunuka hina. Nami napokea kwa mikono miwili, nasema asante baba watoto, Mungu akuzidishie. Nabeba kikapu nakwenda Marikiti.

Nkiwaeleza watu hii stori wanagawanyika. Wanawake wakubwa wanaitikia kwa machozi, wanasema huyo ndo mke. Wasichana wa chuo wananiona nmerogwa. Mie nasema yote yamo. Ilimstiri kweli, wanawe hawakuwahi kumuona babao mnyonge. Lakini ilitutafuna, maanake mtu anayejifanya ana kazi lazma afanye mambo ya mwenye kazi. Aliahidi mchango mkubwa wa harusi ya binamu yake. Aliendelea kumtumia mamake kwa M-Pesa kila mwezi. Alimkubalia mtoto wetu wa kwanza abaki shule ya kulipia. Zote hizo zilikuwa zinatoka kwenye vidole vyangu na yeye hajui hina inaingiza kiasi gani, alikuwa akiona nalipwa harusi moja anadhani ndo kila wiki. Mie nami sikuwa najua anadaiwa kiasi gani. Ukimuona mtu anavuta kamba na wewe huioni, utajua mtavuta upande mmoja?

Halafu Korona. Machi 2020 shule zikafungwa, kafyu ikaanza, harusi zikakatazwa, na mpakaji hina bila harusi ni mtu wa kawaida tu. Na tarehe 6 Mei serikali ikatangaza Mji wa Kale unafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka, tuko ndani ya Ramadhani. Misikiti imefungwa, tarawehe tunasali sebuleni yeye mbele sie nyuma, baraza tupu, muuza kahawa hayupo. Msimu wa Idd ambao mie hupaka mpaka mgongo unakataa, ukafa. Na hakukuwa tena na ofisi ya kujidai anakwenda.

Jumamosi ya kwanza ikafika. Nko jikoni natafuta cha kufuturu nakusanya dengu zilizobaki, akaja akasimama mlangoni, mkononi ana kanzu. Akasema, "Mama, wiki hii kanzu haikuzaa."

Wallahi nlicheka mpaka nkakaa chini. Nkamuuliza, "Kwani wewe wajua tangu lini?" Akasema, "Noti za nani hunuka hina Mombasa hii?"

Basi tulikaa baada ya tarawehe mpaka daku. Watu wakisikia hapo wanadhani tulikumbatiana. Tuligombana! Yeye kilichomuuma sio kupunguzwa kazi, kilichomuuma ni kwamba mke wa dereva alijua, na waliokuwa chumbani siku ile walijua, "yaani wanawake wote wa Majengo wajua sina kazi na mie ndo sijui kwamba wajua." Nkamwambia na wanaume wote wa baraza wajua nani unawadai na nani wanakudai isipokuwa mie nnayelala na wewe. Akanyamaza. Nkamuuliza ule mchango wa harusi ulikuwa wa nini, akasema ningesemaje sina? Nkasema ungesema sina. Akasema kwetu mwanamume hasemi hivo kwa mjombake. Mie nkaleta daftari la shule la mtoto, tukaandika madeni yote, yake na yangu, maanake mie pia nlikuwa na la kitambaa. Lilijaza kurasa. Kuyaona yameandikwa kulipunguza hasira kuliko maneno yote tuliyosema, sijui kwa nini, labda kwa sababu deni likishaandikwa halina mume wala mke.

Tukaanza kuuza sambusa kwa majirani humo humo ndani ya eneo lililofungwa, watu wana hamu ya futari na hawawezi kutoka. Mie nachoma manda na kupika nyama, yeye anakunja. Na mikono yake ni mizuri, pembe zinakaa kali, mafuta hayaingii. Ila alikuwa anakaa mbali na dirisha. Jirani wa juu akamuona tu, na Mji wa Kale dirisha kwa dirisha, habari zikazagaa kwamba fulani kapewa limbwata, mke kamkalia, sasa anafanya kazi za wanawake. Mtu yule yule aliyesema alituma mtoto kununua ishirini. Baraza zilipofunguka wenzake walimtania mpaka wakachoka, yeye anawajibu tu "aliyekula hapa anyooshe mkono." Mavyaa ndo alikuwa mgumu, alinipigia simu akaniambia mwanangu nlimzaa mwanamume. Nkamwambia mama, na bado ni yeye, na madeni yake ya kwa mjomba yameanza kupungua. Akakata. Baada ya siku mbili akapiga kuuliza kama tunatia bizari nyembamba.

Kuna kitu nnawaambia mabiharusi siku hizi somo akishamaliza, na wengine wananitizama jicho la pembeni. Wanasema mwanamume akimletea mkewe unyonge heshima inaondoka. Nawauliza, Mtume wetu (SAW) alipoteremshiwa wahyi wa mwanzo kule Hira akatoka anatetemeka, alikimbilia wapi? Hakwenda kwa wazee wa Makka. Alikwenda nyumbani kwa Bi Khadija akasema nifunikeni, nifunikeni, akamweleza hofu yake, na Bi Khadija akamtuliza akampeleka kwa Waraqa. Na huyo Bi Khadija alikuwa tajiri mfanya biashara. Mambo hayo tunayasoma kila Maulidi kwa qasida na ubani, halafu tukitoka tunasema mwanamume hasemi shida zake kwa mke.

Sio kwamba nasema mtu amwage kila kitu. Hapana. Nna mteja alimwambia mumewe yote, mpaka uchumba wake wa kwanza ulivyovunjika na sababu yake, na yule bwana kila wakikosana analitoa kama kisu, na mwishowe alilipeleka barazani, mke akipita watu wanamtupia macho. Huyo ukimwambia awe muwazi tena atakutemea mate, na ana haki. Mwanamke anayemstiri mume anasifiwa, mwanamume anayemuanika mke anachekewa tu, "aa, maneno ya wanaume." Mpaka hilo libadilike msiwalaumu wanawake kwa kuficha.

Kilichonifanya nijue kwamba haya sio mambo ya mapenzi ya televisheni ni matanga moja. Mume wa rafiki yangu alikufa kwa presha ambayo alikuwa anameza vidonge vyake dukani ili mkewe asione. Sasa mnajua kwetu jeneza halijazikwa mtu anasimama anatangaza, anayemdai marehemu ajitokeze kwa jamaa zake. Inatangazwa wapi? Msikitini, makaburini, mbele ya wanaume. Mke yuko nyumbani ameanza eda, miezi minne na siku kumi, na madeni ya mumewe yanasomwa na yeye hayupo kusikia. Shemeji ndo alirudi akamwambia. Na sio madeni tu, alijitokeza pia mke wa pili, wa Ukunda, ana mtoto ashaanza shule. Na hisa ya mke mwenye mume aliyeacha watoto ni thumni, moja kwa nane, wakiwa wake wawili wanagawana hiyo hiyo. Rafiki yangu alinambia jambo moja nkimkanda mabega, alisema mke mwenza ningemkubali na ningemkataa, ningechagua, ila hata kuchagua sikupewa, nmepewa hesabu tu. Wale wenzake wa baraza walijua wote. Walikuwa wanakula harusi ya Ukunda.

Na msidhani ni sisi waislamu peke yetu wa Pwani. Huko Magongo nna wateja wa bara, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, siku hizi na wao biharusi wao wanapaka hina, na stori ni ile ile imebadilishwa nguo tu. Mmoja mumewe dereva wa magari ya watalii, miaka yote hajui analipwa kiasi gani, anajua tu akiwa na pesa anakuja na nyama na akiwa hana anakuja na hasira. Amejifunza kumsoma kwa mfuko wa nyama. Katiba ya 2010 imesema kwenye ibara ya 45 kwamba mume na mke wana haki sawa kwenye ndoa, tangu ianze, ikiendelea, mpaka ikivunjika, na ni vizuri imesema, lakini katiba haiingii chumbani saa nne usiku kumuuliza mtu mshahara wake.

Mie na mume wangu siku hizi Ijumaa baada ya pilau tunalitoa daftari. Sio kila Ijumaa, kuna Ijumaa tunasinzia. 2022 serikali mpya iliporudisha mambo ya kutoa mizigo hapa hapa Mombasa badala ya bara, bosi wake wa zamani alimpigia simu arudi. Nadhani mnajua nani alisikia kwanza. Baraza! Mie nliambiwa na mke wa muuza kahawa, ananipongeza. Nkamngojea usiku nkamuuliza hongera zangu ziko wapi, akasema "nlikuwa nataka kupima maneno kwanza kabla sijakuletea." Hapo nkamuelewa kidogo, maanake hata mie kabla sijamwambia jambo zito hulipima kwanza kwa mteja mkono wake ukiwa kwenye hina. Amerudi kazini kwa nusu siku, sambusa za friza anaziendesha jioni, na bado anakaa mbali na dirisha.

Kwenye daftari yamo yote isipokuwa chama changu cha Likoni. Hicho hajui na sina mpango wa kumwambia, hata akisoma hapa atajua kipo lakini hatajua kina kiasi gani. Mweka hazina wetu ni mamake.